Maini ya Samaki Kumi na Wawili

Siku karatasi ile ilipobandikwa kwenye nguzo ya soko la samaki, hakuna aliyetembea kwa maringo kama Bi Magamba. Na haki yake alikuwa nayo. Karatasi ilikuwa na muhuri wa idara ya maji, ilikuwa na sahihi mbili, na mstari wa mwisho ulisema kwa herufi nene kwamba samaki wa soko lile ni salama kuliwa. Sasa, waliopimwa walitoka meza ya nani? Yake. Nani aliwaandaa? Yeye. Angepewa ruhusa, angeivaa karatasi hiyo shingoni, na nani angemlaumu?

Kazi yake ilikuwa kupara na kutumbua samaki. Miaka ishirini na tisa alisimama mbele ya meza ile ya saruji karibu na bomba, kisu chembamba mkononi, aproni ya plastiki kiunoni, na magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Jina lake lilitoka hapo. Mnunuzi alimtupia samaki mezani, na kabla hawajamaliza kuulizana habari za nyumbani, samaki alikuwa tayari. Ujira, tangu soko lijengwe, haukuwa pesa tupu. Mnunuzi alilipa kidogo akaondoka na mwili wa samaki, na kichwa na ini vikabaki kwa mparaji. Wenzake waliuza vyote. Bi Magamba aliuza vichwa tu, kwa sababu maini yalikuwa ya mjukuu.

Mjukuu alikuwa na miaka minne, mtoto wa binti yake wa pekee, na wote waliishi nyumba moja ya vyumba viwili pamoja na mkwe, ambaye alikuwa fundi seremala. Kila jioni mtoto alisimama mlangoni na bakuli lake la bati, akimngoja bibi atokee kwenye kona. Hakungoja kukumbatiwa, alingoja ini. Bibi alilikaanga kwa kitunguu na chumvi, akalipondaponda kwa uma, na mtoto akala akaramba bakuli mpaka likahitaji kuoshwa kwa adabu tu. "Mkono mtupu haulambwi," bibi alisema akicheka, na hakuna kitu duniani kilichompa raha kuliko kumwona mtoto yule anakula.

Karatasi yenyewe ililetwa na uvumi. Juu ya mto, kupita daraja, kulikuwa na yadi ya watu wanaovunja betri kuukuu za magari, wanayeyusha risasi iliyomo, na kuosha mabaki kwenye mfereji unaomwaga maji mtoni. Watu walianza kunong'ona kwamba samaki wana sumu. Wanunuzi wakapungua, meza zikakaa bila kazi, na mwenyekiti wa soko, mtu mwenye tumbo na maneno mengi, akaandika barua idara ya maji. Idara ikamtuma mpimaji.

Alikuwa mtu wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, amebeba chupa nyingi kiasi kwamba kabla ya saa sita mchana soko zima lilikuwa likimwita Bwana Chupa. Alinunua samaki kumi na wawili, perege wanane na kambare wanne, akawaweka mezani kwa Bi Magamba, akamwomba amwangalizie wakati yeye anashuka mtoni kuchota maji. Akakawia saa nzima. Sasa mwambie mwanamke aliyeshika kisu miaka ishirini na tisa akae saa nzima akiwatazama samaki kumi na wawili wachafu mezani kwake, kisha amkabidhi mgeni wa serikali hivyo hivyo, na matumbo yao. Huko anakokwenda watu wangesema nini juu ya soko?

Kwa hiyo aliwaandaa. Aliwapara, akawatumbua, akawakata vichwa, akawaosha maji matatu, akawapanga wakang'aa. Bwana Chupa aliporudi alisimama ghafla, akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwahi kufundishwa jinsi ya kumwambia mtu mzima aliyemfanyia wema kwamba amemharibia kazi. Akasema ahsante mama, akawatia kwenye sanduku la barafu, akaondoka. Bi Magamba aliuona uso ule na akadhani ni wa mtu aliyevutiwa. Jioni hiyo maini ya samaki kumi na wawili yaliingia kwenye kikaango, na mjukuu aliramba bakuli.

Basi wiki chache baada ya karatasi kubandikwa, mtoto akaanza kulalamika tumbo. Halafu akawa mkali bila sababu, yeye ambaye alikuwa mchekeshaji wa nyumba. Halafu akaanza kupoteza maneno. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka ishirini, akawa anakwama kwenye tisa, anatazama ukuta kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mama yake alipoona hivyo hakungoja dawa za jirani. Akambeba hospitali, na bibi akafuata na aproni yake bado kiunoni.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alimtoa mtoto damu, na majibu yaliporudi aliwaambia kwamba ndani yake kuna risasi, madini yale ya kwenye betri, si ya bunduki. Kipimo kilisoma kumi na tisa. Hata tano ni nyingi kwa mtoto, alisema, kwa sababu risasi hukaa mwilini na kula akili taratibu. Akachukua fomu na kuanza kuuliza: rangi za ukutani, vyungu, vitu vya kuchezea, vumbi la kazi ya baba. Alipofika kwenye samaki, Bi Magamba alijiweka sawa kitini.

"Samaki wetu wamepimwa, daktari," alisema. "Karatasi ipo nguzoni, ina muhuri. Niliwaandaa mimi mwenyewe."

Daktari alikuwa amesikia habari za karatasi hiyo. Akachora mstari juu ya neno samaki, akaendelea na swali linalofuata.

Nyumba ikageuzwa juu chini. Sufuria za zamani zikatupwa. Mkwe akawa anavua nguo za kazi uani kama mtu anayevua viatu mlangoni pa msikiti, akapiga deki kwa kitambaa kibichi asubuhi na jioni. Mlango mmoja uliokuwa na rangi ya tangu enzi za babu aliung'oa na kuupeleka mbali, wakalala wiki nzima na pazia. Na kwa kuwa daktari alisisitiza mtoto ale vizuri apate nguvu, bibi naye hakubaki nyuma. Aliongeza maini. Yaliyokuwa ya jioni yakawa ya asubuhi na jioni.

Kipimo cha pili kilisoma thelathini na moja.

Safari hii daktari hakuwauliza watu wazima. Alimgeukia mtoto, akamuuliza bibi anampikia nini kitamu.

"Ini," mtoto akasema.

"Ini la nini?"

"La samaki. Naramba bakuli."

Daktari akaweka kalamu chini. Alimuuliza Bi Magamba ni mara ngapi, akajibiwa kila siku, tangu aote meno. Kisha akauliza kama wale samaki waliopelekwa maabara walipimwa na maini yao.

Bi Magamba alifungua mdomo aseme ndiyo, na ndiyo haikutoka. Aliiona meza yake. Aliwaona wale kumi na wawili wamelala safi, matumbo wazi, weupe ndani, na aliiona ndoo ndogo iliyokuwa pembeni, ile aliyoibeba nyumbani. Akatafuta ukingo wa meza ya daktari kwa mkono.

"Maini niliyatoa mimi," alisema. "Aliyakula huyu."

Daktari alieleza bila kumkemea, na afadhali angemkemea. Samaki anapokula tope lenye risasi, alisema, sumu haikai sana kwenye nyama. Hukaa kwenye ini, kwenye figo, kwenye matamvua na mifupa. Anayekula minofu anaweza kula miaka asione kitu, na anayepewa ini kila siku anapewa sumu yenyewe. Akaichukua ile fomu ya kwanza, akaandika upya neno samaki juu ya mstari aliouchora. Mtoto aache leo, alisema, apewe dawa, arudi kupimwa. Nyingi itatoka. "Hatujachelewa sana," alisema, "lakini tumechelewa."

Bi Magamba alilia njia nzima bila kujificha uso, na waliompita walidhani ametoka msibani. Nilimlisha kwa mkono wangu, alikuwa akirudia, kwa mkono wangu huu. Binti yake alitangulia na mtoto mgongoni. Alikuwa na hasira, na alimpenda mama yake, na hakujua aanze na lipi. Walipofika nyumbani mtoto alilichukua bakuli lake akasimama nalo mlangoni. Bibi aliingia ndani akatoa maharage.

Asubuhi alijifunga kibwebwe. Machozi yalikuwa ya jana, na ile karatasi bado ilikuwa nguzoni.

Alianza na mwenyekiti. Alimwambia karatasi ni ya uongo, na uongo huo aliutia yeye, kwa hiyo ishushwe. Mwenyekiti alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Wateja ndio kwanza wamerudi, alisema. Mama, usitie kitumbua cha watu mchanga kwa sababu ya mtoto mmoja. Na wenzake wa mezani walikuwa wakali kuliko yeye. Aliyewaongoza alikuwa Mama Ndoo, jirani yake wa meza, aliyeitwa hivyo kwa kuwa miaka yote alikalia ndoo aliyoipindua. Naye alikuwa na mjukuu, wa kiume, wa miaka miwili, mwenye mashavu ambayo soko zima liliyafinya.

"Wangu anakula maini kila siku na ananenepa," alisema Mama Ndoo. "Wako kaumwa, pole. Usituuze sote."

Kuanzia siku hiyo aliihamishia ndoo yake upande wa pili wa meza, akawa anafanya kazi amempa mwenzake mgongo. Walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na minne, wamezikana na kuozeshana, na hilo lilimuuma Bi Magamba kuliko maneno ya mwenyekiti.

Alikwenda idara ya maji na kopo la maini limefungwa kwenye mfuko. Karani wa mapokezi alilinusa kabla hajaliona. Akamweleza, pua kaibana, kwamba maabara haipokei sampuli za raia. Lazima zichukuliwe na mpimaji, kwa fomu ya mpimaji. Vizuri, alisema Bi Magamba, basi mpimaji yuko wapi? Hayupo, akaambiwa. Akaketi kwenye benchi na kopo lake mapajani. Kufika saa nne, ukumbi wote ulikuwa umetambua kwa harufu kwamba mama huyo bado yupo, na karani akakumbuka kwamba mpimaji yupo, tena chumba cha tatu mkono wa kushoto.

Bwana Chupa alikuwa anaosha chupa. Alipomwona mlangoni, mabega yakamshuka, na Bi Magamba akajua kwamba alikuwa anajua. Hakumpigia kelele. Alimsimulia habari za mtoto, namba kwa namba, mpaka alivyokwama kwenye tisa. Yule mtu alitoa faili akamwonyesha fomu ya siku ile. Palikuwa na sehemu iliyoandikwa hali ya samaki wakati wa kuchukuliwa, na sehemu hiyo ilikuwa tupu. Alikiri aliiacha makusudi. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, alisema, na aliona aibu kurudi mikono mitupu, na aliona aibu zaidi kumwambia mama aliyemfanyia wema. Akajipa moyo kwamba nyama ndiyo inayoliwa.

"Na wewe uliogopa kunivunjia heshima," Bi Magamba alisema. "Haya. Nipe kalamu."

Aliandika taratibu, herufi kubwa kubwa, ulimi umebanwa pembeni ya mdomo. Ilimchukua muda, na Bwana Chupa alisimama nyuma yake akisoma kila neno. Barua ilikuwa hivi:

"Mimi ni mparaji wa sokoni. Wale samaki kumi na wawili niliwatumbua mimi, bila kuambiwa, kwa kumheshimu mgeni. Matumbo hamkupewa. Mlichopima ni nusu ya samaki. Nusu nyingine alikula mjukuu wangu, na damu yake imepimwa hospitali. Njooni mpime samaki mzima."

Bwana Chupa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akachukua ile fomu ya zamani, na kwenye sehemu iliyokuwa tupu akaandika kwamba samaki walipokelewa wakiwa wametumbuliwa na kuoshwa, akatia sahihi na tarehe ya leo. Wakaenda pamoja kwa mkuu wa maabara, mwanamke wa umri wa Bi Magamba, aliyesoma vyote viwili akawatazama kwa zamu. Sampuli si mgeni wa chakula cha mchana, alisema, haiandaliwi. Akamwongezea Bwana Chupa miezi mitatu ya majaribio papo hapo, na akaamuru samaki wachukuliwe upya.

Siku ya upimaji, soko lote lilisimamisha kazi kutazama. Safari hii Bwana Chupa alichukua samaki meza mbalimbali. Mama Ndoo alitoa wanne wake mwenyewe, kwa kiburi, ili ukweli ujulikane. Wote waliwekwa juu ya saruji ya Bi Magamba, na magamba yao, na utelezi wao, kambare mmoja bado anachezesha mkia. Perege mmoja tumbo lilikuwa limepasuka kidogo na utumbo unachungulia. Bi Magamba aliuona, na mkono wake ukaenda kwenye kisu wenyewe. Akaurudisha. Ukaenda tena. Mwishowe alimkabidhi Bwana Chupa kile kisu amshikie, akafunga mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, na watu wakacheka, hata yeye alicheka, lakini macho hakuyaondoa mezani mpaka samaki wa mwisho alipoingia kwenye mfuko, mchafu, mzima, na sanduku likafungwa. Katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Risasi kwenye nyama ilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, kama mara ya kwanza. Maini yalikuwa na risasi mara kumi na moja ya kiwango, na matamvua na figo hayakuwa mbali. Karatasi mpya ilisema vichwa, maini na matumbo visiliwe, hasa na watoto na wajawazito. Idara iliamuru mfereji wa yadi ya betri uzibwe, na wenye yadi wakatafuta wakili, kwa hiyo hilo halijaisha na huenda lisiishe upesi.

Mwenyekiti alipoiona karatasi alisema nguzo imejaa. Bi Magamba alikuwa ameshakuja na uji wa unga wa kubandikia kwenye kopo na brashi ya mkwe wake.

"Haijajaa," alisema. "Ina karatasi moja ya uongo. Naifunika."

"Na nani anasema ni uongo?"

"Mimi niliyesaidia kuuandika."

Mwenyekiti alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, na watu wote walikuwa wakisoma. Bi Magamba alipaka uji juu ya ile karatasi aliyoringia, akaibandika mpya, akalainisha kingo zake kwa kiganja. Halafu akaburuta pipa lenye kifuniko mpaka kando ya meza yake, na kila kichwa na kila ini la siku hiyo likaingia humo. Mfuko wake wa vichwa vya kuuza ulirudi nyumbani mtupu, na wiki ile walikula maharage mpaka mkwe akasema anaota maharage. Wanunuzi wengine walihama. Wengine walibaki wakaongeza kidogo juu ya ujira, bila kuombwa. Wapo wenzake waliolicheka pipa, na wapo wawili waliolitumia.

Kipimo cha tatu cha mtoto kilisoma ishirini na tatu. Bado ni nyingi, alisema daktari, lakini inashuka. Wakiwa njiani kurudi mtoto alianza kuhesabu hatua zake. Alifika tisa, akasita, bibi akaacha kupumua, na mtoto akasema kumi, kisha akaruka akasema kumi na nne. Bi Magamba hakumsahihisha.

Kesho yake alasiri, soko linafungwa na maji ya kuoshea meza yanakimbilia mferejini, Mama Ndoo alikuja na mfuko wake wa siku nzima. Hawakuwa wamesemezana karibu miezi miwili. Alisimama mbele ya pipa. Bi Magamba akamfunulia kifuniko, Mama Ndoo akamimina maini yote, akaukung'uta mfuko, akabaki ameushika.

"Asubuhi nilimwita hakugeuka," alisema. "Nikamwita tena. Nilidhani anacheza." Akaukunja mfuko mara mbili, mara tatu. "Wangu nimpeleke siku gani?"

Bi Magamba hakumkumbusha lolote. Alirudisha kifuniko cha pipa na kukikandamiza.

"Kesho. Nitakupitia, twende wote." Akamshika mkono, mikono yote miwili ina magamba. "Na daktari akikuuliza amekula nini, mpe habari yote na matumbo yake. Usimwoshee."

Mama Ndoo alikubali kwa kichwa. Wakainama pamoja kwenye bomba, wakasugua mikono mpaka maji yakakatika.